Asiyefika huulizwa: Wiki ya mstaafu Lodwar na Kakuma

Kila nikija Mombasa kwa arusi au msiba, swali ni lile lile. Jamaa hunikalisha kitako, hunitilia chai, kisha huuliza: "Hivi wewe kazi umemaliza, pensheni waipata, wakaa huko Lodwar wafanya nini? Huko si jua na vumbi tu?" Safari hii nimeahidi kujibu kwa maandishi, maana naona swali lenyewe si langu peke yangu. Ni swali la kila mstaafu, awe Lodwar, Likoni au Lamu: siku saba za wiki utazipitisha vipi, na nani atajua kama umezipitisha?

Mie ni mzaliwa wa Kibokoni. Nililetwa Turkana mwaka 1984 nikiwa muuguzi mchanga wa miaka 25, nikiambiwa ni kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ukawa ndio maisha. Nimeolewa huku, nimezaa huku, na mume wangu nimemzika huku. Nilistaafu 2019 nikiwa na miaka 60, kwa kuwa tangu 2009 mtumishi wa serikali Kenya hastaafu tena akiwa na miaka 55. Kwa hiyo kubaki kwangu Lodwar hakuna maajabu. Ndiko kwangu.

Lakini mwaka wa kwanza wa kustaafu ulinishinda. Nilikuwa naamka alfajiri, naswali, navaa, kisha nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikawa nasubiri adhana hadi adhana. Wenzangu waliostaafu nao walikuwa hivyo hivyo, kila mmoja nyumbani kwake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Kilichotuamsha ni mkasa. Mzee mmoja aliyekuwa karani, mjane kama mie, alianguka bafuni usiku wa Ijumaa. Alilala sakafuni hadi Jumapili mchana. Aliyemkuta ni mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba kiberiti. Mzee alitibiwa, akarudi nyumbani, lakini hakuwa yule tena, na miezi minne baadaye tukamzika. Kuanguka kunaweza kumpata yeyote. Kilichotuuma zaidi ni kwamba kwa siku mbili nzima hapakuwa na mtu aliyeuliza yuko wapi. Miaka 30 alikuwa akitia sahihi kazini saa mbili asubuhi. Angekosa siku moja tu, mtu angemuulizia. Alipostaafu, aliaga mshahara na pia akaaga wale waliokuwa wakimuulizia.

Baada ya matanga tukakaa watu tisa tukaanza jambo ambalo mpaka leo halina jina, cheti wala akaunti ya benki. Lina daftari. Kila mstaafu achague angalau siku moja ya wiki ambayo anatarajiwa mahali. Asipofika wala kutuma neno, kabla ya Magharibi mtu aende mlangoni kwake. Leo tuko 23. Wiki yetu inakwenda hivi.

Jumatatu ni kutembea. Lodwar iko kando ya mto Turkwel, unaotoka milima ya upande wa Elgon, ukazuiwa na bwawa la umeme kule kwenye korongo la Turkwel, kisha ukapita mjini kwetu kuelekea ziwani. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, maana ikifika saa nne jua la huku halina mzaha. Ratiba yetu nzima inafuata jua: mambo ya kutoka nje ni kabla ya saa nne au baada ya saa kumi na moja jioni. Tukirudi tunakaa chini ya mgunga, natoa mashine ya kupimia presha, kila mtu napima na kuandika. Sigawi dawa. Ninachofanya ni kumuuliza mtu: mbona leo imepanda, vidonge umeviacha tangu lini? Mara nyingi jibu ni kwamba viliisha, na hakuwa na wa kumtuma.

Hapo chini ya mti ndipo ninapoona kwamba hatukubuni kitu kipya. Waturkana wana mti wa wazee tangu enzi na enzi. Mzee hutoka kwake na fimbo na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao anachokalia na pia kukilalia kichwa, akaja kukaa na wenzake. Hapo huamuliwa mambo ya mifugo, ndoa na ugomvi. Mzee asipoonekana, mtoto hutumwa. Kwetu Pwani mambo hayo hufanyika barazani. Tofauti ni kwamba wao mti wao hawajaukata, na sisi baraza nyingi tumezivunja tupate pa kuegesha gari.

Jumanne ni siku ya kina mama, ingawa wazee wawili watatu huja kusikiliza. Tunakaa uani kwa shoga yangu mmoja na kusuka. Mkoma umejaa kando ya mto, na majani yake ni yale yale tunayoyaita miyaa Pwani. Wao huzungusha na kushona duara juu ya duara mpaka kikapu kisimame. Mie niliwaonyesha ukili wa nyanya yangu, tunaousuka kwanza uwe mrefu ndipo tuushone kuwa mkeka. Walicheka wakasema kwetu tunapenda kujichosha.

Huku mikono ikisuka, midomo inafanya kazi nyingine: karatasi. Ndugu msomaji, ukitaka kujua wazee wanasumbuka na nini, kaa nao saa moja uulize habari za simu. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, mradi awe raia mwenye kitambulisho na asiwe analipwa pensheni ya serikali. Huku kaskazini kuna pia mpango wa fedha kwa kaya zenye njaa, ulioanzia kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Fedha zipo, lakini bibi wa miaka 75 asiyesoma ujumbe wa simu hajui kama zimeingia. Akimpa kijana namba yake ya siri, mara nyingine zinaingia na kutoka bila yeye kuziona. Kwa hiyo Jumanne mwalimu mstaafu mmoja huwafundisha kina mama kubofya namba wenyewe. Huwafundisha kwa mawe: jiwe la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha ndipo simu.

Jumatano jioni ni mhadhara. Neno ni kubwa, ila ukumbi ni uani na viti vya plastiki. Sheria ni kwamba kila mmoja wetu, zamu yake ikifika, asimulie jambo analolijua kutokana na kazi yake. Utashangaa ni elimu kiasi gani hukaa ndani ya mstaafu bila kuulizwa. Aliyekuwa afisa wa samaki alitueleza kiwanda cha Kalokol. Wanorwe walijenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili mfugaji awe mvuvi. Kugandisha samaki kwenye joto kama hili kukawa ghali kuliko samaki mwenyewe, kisha ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivua, ikakauka. Jengo likabaki. Naye aliongeza la ajabu: miaka ya karibuni ziwa limepanda na kufunika makazi ya watu waliosogea ufuoni. "Ziwa halina mkataba na mtu," akasema.

Jumatano nyingine mwalimu wa historia alinitoa machozi. Alieleza kwamba Mzungu wa kwanza kuliandika ziwa hili, Count Teleki wa Hungaria, alilifikia Machi 1888 akaliita Rudolf, jina lililodumu hadi 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Teleki hakuja peke yake. Msafara ulitoka Pangani, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi, na miongoni mwa waongozaji wake alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa huko huko Pangani. Yaani watu wa pwani ya Waswahili walikuja huku kwa miguu. Na mie jamaa zangu wananihurumia niliyekuja kwa basi!

Alhamisi ni matembezi ya mbali kidogo. Karibu na sisi ni nyumba aliyozuiliwa Jomo Kenyatta. Alifungwa kwanza Lokitaung, kaskazini zaidi, pamoja na wenzake wa kesi ya Kapenguria, kisha 1959 akaletwa Lodwar hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Mkoloni alichagua Turkana kwa sababu ile ile jamaa zangu wanayoniulizia: aliona huku ni mahali pa kumsahaulisha mtu. Mara nyingine tulikodi gari hadi Kalokol, kama kilomita 60, kutazama mawe ya Namoratunga yaliyosimamishwa na watu wa kale. Wenyeji husema walikuwa watu wakicheza ngoma wakageuka mawe. Kwa safari hizo tulichanga mafuta ya gari. Huo mchango nitaurudia, maana ndio uliotukosesha.

Ijumaa ni yangu ya msikitini, kisha napika. Rafiki zangu wengi huku ni Wakristo, na Ijumaa mchana wao ndio wageni wangu: pilau, kachumbari na ndizi. Jumapili wakitoka kanisani nami huenda kwao kunywa chai. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuikosa bila kuulizwa.

Jumamosi moja kila mwezi twenda Kakuma, kilomita kama 120 kwa barabara ya lami. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotembea miezi na miezi wakikimbia vita. Nilikuwa kazini wakati huo, na nyayo zao sitazisahau. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, pana watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Msidhani ni mahali pa kupanga foleni tu. Juni 2018 palifanyika mihadhara ya TEDx, ya kwanza duniani kufanyiwa ndani ya kambi ya wakimbizi. Katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, kule Rio 2016, wanariadha watano kati ya kumi walitoka Kakuma.

Tunakwenda sisi kwao kwa sababu mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Tuna baraza pale kwa mama mmoja Muethiopia. Kahawa yake ni tungu kama ya kwetu, lakini inapikwa mara tatu kwa unga ule ule: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu bereka. Hiyo ya tatu nilipoisikia nikasema neno hilo nalijua, ni baraka. Pale hukaa wazee wanane hivi: mwalimu kutoka Bukavu, Mrundi mmoja, bibi wa Kisomali, wazee wa Sudan Kusini, na Waturkana wa mji wa Kakuma. Lugha yetu ni Kiswahili. Mwalimu husema "batoto" na "muzuri", mie husema vyangu vya Kibokoni, bibi wa Kisomali hutuchekea sote, na hatupotezani.

Utaratibu ulikuwa wa zamu: kila Jumamosi mmoja alete kahawa na sukari. Ukaenda vizuri miaka kadhaa. Wakati huo sehemu ya mgao wa chakula ilikuwa ikitumwa kwa simu, kwa mpango ulioanza 2015 na kuitwa Bamba Chakula, na mtu aliweza kununua dukani anachotaka, hata sukari kidogo. Mwaka 2025 misaada ikapunguzwa sana, na mgao ukawa mdogo kuliko ulivyowahi kuwa.

Mwezi mmoja tulipofika, mwalimu hakuwapo. Wakasema hata Jumamosi iliyotangulia hakuja, ni mgonjwa. Kwa desturi ya daftari letu, nikaenda mlangoni na mashine yangu ya presha. Nikamkuta amekaa anasoma. Presha yake ilikuwa bora kuliko yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, wenzio wasema wewe mgonjwa." Akanyamaza, kisha akajibu, "Dada, zamu ilikuwa yangu. Miye sina sukari. Batu batakunywa nini?"

Mtu aliyefundisha miaka 26, asiye na pensheni kwa kuwa nchi iliyomwajiri aliikimbia, asiyeweza kuingia Inua Jamii kwa kuwa hana kitambulisho cha Kenya, alichagua kuitwa mgonjwa kuliko kuonekana amekuja mikono mitupu.

Neno la kwanza lililonijia lilikuwa kumnunulia sukari. Nashukuru nilinyamaza, maana ingekuwa aibu ya pili. Tulichofanya ni kuondoa zamu kwa wote. Mama wa kahawa alileta kopo lenye mfuniko. Linapita mikononi, kila mtu hutia mkono ndani, mwenye nacho na asiye nacho, na hakuna anayeona kilichotiwa. Kukipatikana tunakunywa kahawa. Kusipopatikana tunakunywa maji. Jumamosi mbili tumekunywa maji, na mazungumzo hayakupungua hata kidogo. Mwalimu amerudi.

Usiku huo nikiwa Lodwar nililifungua daftari upya. Palikuwa na watu wanne waliokuwa wameacha kuja Alhamisi, kisha wakaacha na siku zao nyingine. Kila mmoja tulikwenda mlangoni, kila mmoja alitoa sababu: mgeni, goti, shamba la mtoto. Mie nilikuwa nimeandika sababu hizo kwa mkono wangu na kuziamini. Wiki iliyofuata nikawazungukia bila daftari. Watatu kati ya wanne walikubali kwamba ni mchango wa gari. Mmoja aliona haya kukosa Alhamisi kisha aonekane Jumatatu, basi akakosa zote. Sisi tulioanzisha jambo hili ili mtu asipotee, tulikuwa tumeweka mlangoni kitu cha kuwapoteza.

Sasa Alhamisi ni ya miguu. Kalokol tutakwenda siku gari likipatikana bila mtu kutozwa. Watatu wamerudi. Wa nne goti lake lilikuwa goti kweli, na sisi ndio tunaokwenda kwake.

Wasomaji wa Pwani, nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kwetu vyama haviko haba. Tuna vikundi vya arusi, vya maulidi, vya kuzikana, vya kuweka na kukopa. Ni vizuri, na vimeokoa wengi. Lakini vingi vina mchango, sare ya leso, na zamu ya kulisha watu. Mstaafu ambaye pensheni imechelewa au ambaye hakuwahi kuwa na pensheni, mvuvi, fundi, mama wa mahamri, hatakuambia hana. Atakuambia anaumwa. Kisha atanyamaza, na wiki zitapita.

Anayetaka kuanzisha jambo kama letu mtaani kwake hahitaji mengi. Tafuteni mahali pasipokodiwa: baraza, mti, uwanja wa msikiti. Chagueni saa ambayo wazee wanaweza kutoka, si saa inayowafaa vijana. Kila mtu awe na siku anayotarajiwa, na siku hiyo awe na kazi, hata ikiwa ni kupanga viti, maana mtu asiye na kazi hujiona mzigo. Wapeni nafasi ya kusema wanayoyajua. Andikeni nani hakufika, na mwende mlangoni siku hiyo hiyo. Simu haitoshi, kwa simu kila mtu ni mzima. Na msiweke mchango wowote wa lazima, hata wa shilingi kumi.

Basi hivyo ndivyo nifanyavyo Lodwar. Nanyi nawaomba kitu kimoja. Yupo mtu mzima mtaani kwenu aliyekuwa hakosi baraza, na sasa hamjamwona mwezi wa pili, na mmeshaambiwa miguu inamsumbua. Nendeni leo mlangoni kwake mkakae naye. Msimpelekee sukari.